27 Agosti 1896: Khalid bin Barghash alikuwa anasubiri nini mpaka saa tatu ikamkuta ndani?

Mtembeza_Forodhani (mwanzisha uzi)
Wakuu salaam. Mimi kazi yangu kutembeza wageni Mji Mkongwe, mwaka wa kumi na moja sasa, na kila siku lazima nisimame Mizingani mbele ya Beit al-Sahel, lile jumba la masultani, niwape hadithi ya vita fupi kuliko zote duniani. Nikifika kwenye "dakika 38" wageni wanacheka, wengine wanapiga makofi, halafu tunakwenda zetu kunywa juisi ya miwa. Juzi kulikuwa na mama mmoja mtu mzima kasimama nyuma kabisa, hakucheka, akangoja wenzake watawanyike akanifuata: "Ndani walikuwemo watu wangapi?" Nikamwambia karibu elfu tatu, wapiganaji, watumishi na watumwa. "Walijua kama mizinga itapigwa?" Nikasema walijua, walipewa muda. "Basi mbona hawakutoka?" Nikanyamaza. Sina jibu, na toka siku ile kila nikisimama pale naona haya.

Kwa wasiojua, kwa kifupi: Sultani Hamad bin Thuwaini alikufa ghafla tarehe 25 Agosti 1896, kabla ya adhuhuri. Hata hajazikwa, Khalid bin Barghash akaingia ikulu na watu wake akajitangaza. Waingereza wakagoma, wakampa mpaka saa tisa asubuhi tarehe 27 awe ameshusha bendera na kutoka. Hakutoka. Mizinga ikapigwa, watu wake kama 500 wakauawa au kujeruhiwa. Upande wa pili kaumia baharia mmoja wa meli ya Thrush, naye akapona.

Swali langu: meli tano za kivita alikuwa anaziona kwa macho yake dirishani. Kwanini hakutoka? Nataka hoja, msiniambie alikuwa mjinga.

kijana_wa_Tandika
Nipo siti ya mbele, ngoja waje wenye madini yao.

FundiSaa
Mkuu saa tisa asubuhi ndo saa ngapi hiyo? Umesoma ya Kizungu ukasahau kugeuza. Ni saa TATU asubuhi. Amri ya kupiga ilitoka saa tatu kamili, risasi za kwanza saa tatu na dakika mbili, na kama saa tatu na dakika arobaini ikawa imekwisha, bendera ishaangushwa na mzinga. Hapo ndo inapatikana ile 38. Wanaohesabu toka saa tatu kamili wanapata 40, na wengine wanakwenda mpaka 45, inategemea unaanzia wapi na unaishia wapi.

Mtembeza_Forodhani
@FundiSaa ahsante, ni saa tatu, kichwa cha uzi niliandika sawa huku chini nimeteleza. Kazi ya kuongea na wageni kutwa hii.

Kapuku_Msomi
Jibu jepesi. Aliona wanatishia tu. Watu wanasahau kwamba 1896 haikuwa mara yake ya kwanza, mwaka 1893 alipokufa Sultani Ali bin Said huyuhuyu Khalid alijaribu kuingia ikulu, wakamwonya akatoka, hakufungwa wala hakufukuzwa nchini. Kwahiyo mara ya pili kichwani mwake anajua hawa jamaa wanapiga kelele halafu yanaisha kwa maneno. Na siyo mimi nasema, yeye mwenyewe asubuhi ileile kwenye saa mbili na nusu alimpelekea ujumbe Basil Cave, yule mwakilishi wa Muingereza, kwamba hatuna nia ya kushusha bendera yetu na hatuamini kama mtatupiga. Cave akamjibu hatutaki kupiga ila usipofanya unavyoambiwa tutapiga kweli. Nusu saa baadae wakapiga. Mtu anayeandika "hatuamini kama mtatupiga" huyo kashakokotoa hesabu zake, ila zimemkatalia.

Binti_Malindi
@Kapuku_Msomi hilo la 1893 kweli, lakini mbona unalipa uzito peke yake. Mie nimezaliwa Malindi, ya Unguja si ya Kenya, na mama yake bibi yangu siku ile alikuwa mtoto wa miaka kama saba. Alikufa mie nshakuwa mkubwa wa kusikia na kukumbuka. Alikuwa hasemi "vita" hata siku moja, akisema "siku iliyopigwa mizinga". Na alichokuwa akikisema zaidi si mizinga, ni usiku wa kuamkia. Anasema mama yake alimziba mdogo wake mdomo kwa upande wa kanga asilie, na mtaa mzima haukuwa na ngoma, haukuwa na mtu anayetwanga, mbwa tu. Watoto wakilala wakishtuka.

Basi mtu anayekaa ndani ya usiku kama ule hawezi kuwa anaamini kwamba ni vitisho tu. Watu walijua.

FundiSaa
@Binti_Malindi umenisisimua. Balozi mdogo wa Marekani aliyekuwepo Zanzibar wakati ule, Richard Mohun, aliandika kitu hikohiko, kwamba usiku ule ukimya ulikuwa wa kutisha, kawaida husikika ngoma na watoto wakilia, usiku ule hapakuwa na sauti yoyote. Bibi yako na balozi wa Marekani wanasema neno moja.

Binti_Malindi
Wallahi sikuwa najua hilo. Ntawaambia nyumbani.

Mswahili_wa_Maskati
Assalaam alaykum. Naandika toka Muscat. Nyote mnazungumza kama Khalid alikuwa mvamizi anayetafuta sababu. Angalieni nasaba kwanza. Sayyid Said bin Sultan alipofariki 1856 watoto wake walipishana kwenye kiti cha Zanzibar, Majid, kisha Barghash, Khalifa, Ali. Watoto wa Said wakesha kufuatana hivyo, 1893 zamu ikafika kwa wajukuu. Khalid ni mtoto wa Barghash, aliyejenga Beit al-Ajaib, aliyeleta maji ya mfereji mjini. Waingereza wakamruka wakamweka Hamad bin Thuwaini, ambaye baba yake alikuwa sultani wa Oman na si wa Zanzibar. Miaka mitatu baadae Hamad anakufa, Khalid yupo palepale mjini, na anaambiwa tena si wewe, ni Hamoud bin Mohammed. Mara mbili! Kwetu hapakuwa na kanuni kwamba mtoto wa kwanza ndiye anarithi, anarithi anayekubalika na anayeweza kukishika kiti. Yeye alikishika, watu zaidi ya elfu mbili wakasimama naye kwa siku mbili tu. Kwa sheria aliyoijua yeye alikuwa sultani tayari. Sultani anatoka nyumbani kwake aende wapi?

Kapuku_Msomi
Hapo kwa heshima zote nakupinga kidogo, mkataba wa 1890 ulikuwepo na ulisainiwa na sultani wa Zanzibar mwenyewe, Ali bin Said, kwamba Muingereza lazima aridhie nani anakaa kwenye kiti. Khalid hakuwa hajui.

Mswahili_wa_Maskati
Ndugu yangu mkataba ulikuwepo, ndio. Ulisainiwa mwaka 1890 na Ali, ambaye alikuwa ami yake Khalid. Khalid hakuusaini.

kijana_wa_Tandika
Aisee uzi umenoga. Ila jamani si Mjerumani ndo aliiuza Zanzibar kwa Muingereza wakabadilishana na kisiwa cha Heligoland? Shuleni tulifundishwa hivyo. Sasa kama Mjerumani alishauza Khalid alikuwa anategemea nini.

Kapuku_Msomi
Dogo hapo ulifundishwa kimkato. Zanzibar haikuwahi kuwa mali ya Mjerumani hata aiuze. Mkataba wa Julai 1890 Mjerumani alikubali tu kutoingilia Zanzibar na akaachia Witu, huko pwani ya Kenya, akapewa Heligoland. Na ukanda wa pwani ya Tanganyika ndo Mjerumani aliulipia, marka milioni 4 zilikwenda kwa sultani. Kwahiyo aliyeuza ni mwingine kabisa.

Mjukuu_wa_Mvita
Hapo kwa Mjerumani ndipo penyewe, na ndipo nyinyi wa huko kusini huwa mnapasahau kwa sababu hamtazami huku kwetu. Mimi ni wa Mombasa. Mwaka mmoja kabla ya hiyo 27 Agosti ukoo wa Mazrui walikuwa wanapigana na Muingereza huku pwani yetu, wakiongozwa na Mbaruk bin Rashid. Agosti 1895 ngome yake ya Mwele ilivunjwa, na aliyeongoza jeshi la kuivunja ni Admirali Harry Rawson, yule yule ambaye mwaka uliofuata ndiye mkubwa wa meli tano mbele ya ikulu ya Zanzibar. Haya, Mbaruk alifanya nini? Alikimbilia upande wa Mjerumani, Aprili 1896, na Mjerumani akampokea akamweka Dar es Salaam, hakumrudisha kwa Muingereza. Miezi minne tu kabla! Khalid aliyaona hayo. Alijua ubalozi wa Mjerumani uko hatua chache na mlango utafunguliwa. Na kweli ulifunguliwa, si alikimbilia hapohapo?

Na huyo Rawson akitoka Zanzibar, Februari 1897 ndiye aliyekwenda kuichoma Benin, ule mji wa kifalme ulioko Nigeria ya leo, na kubeba ile shaba yao iliyojaa majumba ya makumbusho ya Ulaya. Watu watatu, miji mitatu, mtu mmoja na meli zake.

Mtembeza_Forodhani
@Mjukuu_wa_Mvita hii ya Mwele na Benin sikuwahi kuiunganisha, shukran sana. Lakini inanirudisha kwenye swali la yule mama. Kama Khalid alikuwa na mlango wa kutokea, wale wengine elfu mbili na zaidi hawakuwa nao. Ubalozi haukuwa wao.

Mzee_Kibarua
Vijana hamjambo. Mimi ningetazama kwa baba yake. Barghash huyohuyo mnayemsifu kwa maji ya mfereji, mwaka 1859 alimuasi kaka yake Majid, akajichimbia shamba la Marseilles huko nje ya mji na watu wake, mpaka askari wa majini wa Muingereza wakaja kumsaidia Majid. Kilichompata Barghash ni nini? Alipelekwa Bombay. Akakaa, akarudi, na Majid alipokufa 1870 akawa sultani miaka 18 na Muingereza akamwamkia. Mtoto amekua anaisikia hadithi hiyo nyumbani. Unapigana, unashindwa, unapelekwa mahali, unarudi, unapewa kiti. Kwahiyo kwa Khalid kushindwa hakukuwa mwisho. Mimi naona alikuwa anafuata njia ya baba yake, ila 1859 na 1896 siyo zama moja, mizinga ya melini ilikuwa imebadilika.

Kapuku_Msomi
Mzee shikamoo. Hii hoja nzito kuliko yangu, nakubali.

Mzee_Kibarua
Marahaba. Yako nayo isitupwe.

Pweza_Mkavu
Mbona hakuna anayetaja sumu? Mtu anakufa ghafla mchana, mrithi anaingia ikulu muda huohuo na askari. Wengi wakati ule walimshuku Khalid. Kama aliua basi asingeweza kutoka kwa sababu akitoka anafikishwa mbele ya sheria. Ndio maana alikaa.

Mswahili_wa_Maskati
Tuhuma ni tuhuma. Watu walimshuku, na hakuna aliyeonesha ushahidi toka 1896 mpaka leo. Kumhukumu mtu aliyekufa karibu miaka mia iliyopita kwa "kafika upesi" si haki. Ikulu ilikuwa ya baba yake, si lazima awe amengoja mlangoni.

Pweza_Mkavu
Sijahukumu, nimesema iwekwe mezani. Na mbona mnaficha kwamba kuna taarifa za waandishi wa siku zile kwamba alikimbia na mzinga wa kwanza tu, akawaacha watu ndani wanapigana? Wengine wanasema alikaa zaidi. Kama alitoka mwanzo basi swali la uzi linabadilika. Yeye alitoka, hawakutoka wao.

Binti_Malindi
Hapo umesema kitu. Bibi alikuwa akisema jengo lilikuwa la mbao nyingi ndani, likawaka upesi, na watu walijikinga kwa marobota ya nguo na magunia mlangoni. Magunia. Mbele ya meli.

FundiSaa
Tuweke sawa na silaha, maana kuna watu wanadhani ndani kulikuwa na mishale. Khalid alikuwa na bunduki za rashasha, za Maxim na Gatling moja, mizinga miwili ya kisasa kiasi ambayo Kaiser Wilhelm wa pili alimzawadia sultani, na mzinga mmoja wa shaba wa karne ya 17. Baharini alikuwa na Glasgow, meli ya kifalme ambayo Barghash aliijengesha Scotland 1878, inafanana na manowari ya Kiingereza yenye jina hilohilo. Upande wa pili St George, Philomel, Thrush, Sparrow na Racoon. Walipiga makombora kama 500. Gawanya mwenyewe kwa dakika 38, ni zaidi ya 13 kila dakika ndani ya nyumba moja. Nikishafanya hiyo hesabu mimi siwezi tena kuisimulia kama kichekesho.

kijana_wa_Tandika
Kwani meli ya Glasgow ilizama kwa nini, ilikuwa kwenye ugomvi?

FundiSaa
Ilipiga. Ikaifyatulia St George mizinga yake midogo, wakairudishia ikazama palepale bandarini. Wenyewe walipandisha bendera ya Kiingereza kuonesha wamesalimu, wakaokolewa na boti.

Mjukuu_wa_Mvita
Tumalizie na Khalid maana wengi wanaishia dakika ya 38. Alikaa ndani ya ubalozi wa Mjerumani zaidi ya mwezi, nje askari wanamngoja akanyage tu ardhi ya Zanzibar wamkamate. Tarehe 2 Oktoba ikaja manowari ya Kijerumani Seeadler, maji yalipojaa boti yake ikasogea mpaka kwenye geti la bustani ya ubalozi, Khalid akapanda moja kwa moja kutoka kwenye uwanja wa ubalozi. Hakukanyaga mchanga. Akakaa Dar es Salaam mpaka 1916 Waingereza walipomkamata katika vita kuu, wakampeleka Shelisheli na St Helena, baadae wakamruhusu kurudi Afrika Mashariki, akafia huku kwetu Mombasa 1927. Nadharia ya Mzee Kibarua ilitimia nusu. Alipelekwa, akarudi, kiti hakupewa.

Mzee_Kibarua
Na waliobaki walilipa. Waliomuunga mkono Khalid walitozwa rupia 300,000 kufidia makombora yaliyowapiga na uporaji uliotokea mtaa wa Wahindi. Soma tena hapo, walilipishwa makombora.

Pweza_Mkavu
Kwenye uporaji walikufa watu kama 20, mpaka wakaletwa Masingasinga 150 toka Mombasa kutuliza. Hao 20 hawamo kwenye zile 500. Kwahiyo mkuu mwanzisha uzi hata hesabu unayowapa wageni ina upungufu.

Salama_Ziwani
Nimesoma wote kimya kimya. Mimi ni mwalimu wa skuli, historia. Naomba niongeze tu kwamba siku moja inaweza kubadilisha nchi bila mzinga hata mmoja na hakuna anayeitajia wageni. Tarehe 15 Aprili 1872 kilipiga kimbunga Unguja, minazi na mikarafuu ikalala chini, jahazi na meli za Barghash zikavunjika bandarini. Pemba ikanusurika kwa sehemu kubwa na ndio maana karafuu zikahamia huko mpaka leo. Glasgow mnayoizungumza ilijengwa kwa sababu ya kimbunga kile, zile meli za mwanzo zilikuwa zimekwisha. Wanafunzi wangu wanaijua dakika 38, kimbunga hawakijui.

kijana_wa_Tandika
Mwalimu hii mpya kabisa kwangu. Fungua uzi wake.

Salama_Ziwani
Ntaufungua in shaa Allah mitihani ikesha.

Mswahili_wa_Maskati
Na Beit al-Hukm je, mnapita pale mnawaambia wageni kama ile bustani ilikuwa nyumba?

Mtembeza_Forodhani
Sikuwa nawaambia. Leo nimewaambia. Nilikuwa na watu tisa, sikuanza na dakika 38, nimewasimamisha bustanini kati ya Beit al-Sahel na Beit al-Ajaib nikawaambia hapa mlipokanyaga palikuwa na nyumba, inaitwa Beit al-Hukm, ilipigwa ikaisha. Mbele kulikuwa na mnara wa taa nao ukaisha, ndipo wakaja kuweka mnara wa saa juu ya Beit al-Ajaib, na huo nao tukaupoteza jengo lilipoporomoka Disemba 2020 na mafundi wawili wakafa. Hakuna aliyecheka. Mmoja akaniuliza swali lilelile la yule mama, kwanini hawakutoka, nikampa majibu yenu yote, la Kapuku, la Mzee, la Mvita, la Maskati, na la sumu pia. Akasema sasa lipi ndilo. Nikamwambia tunaendelea kubishana.

Kapuku_Msomi
La Mzee.

Mjukuu_wa_Mvita
La Mjerumani. Msilikwepe.

Binti_Malindi
Mie nlimuuliza mama jana usiku kama anakumbuka chengine. Anasema bibi alikuwa akiwapeleka pwani akiwaonesha pahala pa Glasgow. Maana ile meli ilizama lakini milingoti yake mitatu ilibakia nje ya maji miaka mingi, mpaka 1912 ndipo ikaja kuvunjwavunjwa. Bibi kakua anaiona, toka ana miaka saba mpaka keshaolewa ana watoto. Anasema maji yakitoka ilikuwa inaonekana mpaka kamba, na kunguru wakitua juu jioni.